Ubongo unavyotoa taka zake usiku, na jinsi ya kuusaidia kabla kumbukumbu haijaanza kupotea

Kuna matangazo yanazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya dawa za chupa zinazosemekana zinasafisha ubongo na kurudisha kumbukumbu, na unakuta mtu anachomoa hela ya kodi ya nyumba anamnunulia mama yake kwa sababu mama ameanza kusahau majina ya wajukuu. Naandika kwa ajili ya huyo mtu. Ubongo kweli una taka na kweli unazitoa, lakini hakuna chupa inayoingia mle kufanya hiyo kazi, ubongo unaifanya wenyewe, na vinavyouwezesha ni viwili hasa: usingizi mzito, na mishipa ya damu ambayo haijachoshwa na presha. Karibu kila kitu nitakachosema hapa chini kinarudi kwenye hivyo viwili.

Kwanza tuelewe taka zenyewe

Ubongo wa mtu mzima una kama kilo 1.4 hivi, asilimia 2 tu ya mwili, ila unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ambayo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Kazi yote hiyo inaacha mabaki. Kati ya hayo mabaki kuna protini mbili za kuzijua, amiloidi beta na tau. Kila mtu anazitengeneza kila siku, hata kijana wa miaka 20, shida inaanza zisipotoka zikaanza kugandamana. Madonge ya namna hiyo ndo aliyoyaona daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906 alipopima ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter aliyekuwa ameshafariki, na ugonjwa huo wa kusahau ukaja kuitwa Alzheimer kwa jina lake. Sasa sikiliza hili vizuri: amiloidi inaanza kujikusanya miaka 15 mpaka 20 kabla dalili yoyote haijaonekana. Kwa hiyo ukisema "nitashughulika nikizeeka", we mwenye miaka 45 au 50, wakati wenyewe ndo huu.

Sehemu nyingine za mwili zina mishipa ya limfu ya kuondoa uchafu, na kwa miaka mingi vitabu vilisema ubongo hauna kitu kama hicho. Mwaka 2012 ndo Maiken Nedergaard, mwanasayansi wa Denmark, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester kule New York, wakaweka rangi kwenye maji ya ubongo wa panya (haya maji ndo yaleyale yanayozunguka uti wa mgongo, yanayopimwa mtu akishukiwa homa ya uti wa mgongo) wakayafuatilia kwa darubini. Wakaona maji yanashuka kando kando ya mishipa ya damu inayoingia ndani ya ubongo, yanapita kwenye vitundu vidogo sana vinavyoitwa akwaporini-4 vilivyoko kwenye seli za astrosaiti zinazoizunguka ile mishipa, yanapenya katikati ya seli, halafu yanatoka na uchafu kufuata mishipa ya vena. Panya waliozaliwa bila hivyo vitundu, uwezo wao wa kutoa amiloidi ulianguka kwa zaidi ya nusu. Wakauita mfumo wa glimfatiki. Mwaka 2015 watafiti wa Virginia na wa Helsinki, kila kundi kivyake, wakaonyesha kuwa kwenye ngozi inayoufunika ubongo kuna mishipa ya limfu kabisa, inayopeleka hayo maji mpaka kwenye tezi za shingoni.

Maji yenyewe si mengi, kama mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili unatengeneza kama nusu lita kwa siku kwa hiyo yanabadilishwa mara tatu na zaidi. Na kinachoyasukuma, kwa sehemu kubwa, ni mshipa wa damu wenyewe unavyodunda. Hilo lishike, tutalihitaji tukifika kwenye presha.

Usingizi unaingiaje

Mwaka 2013 timu ileile ikalinganisha panya waliolala na walio macho. Kwa waliolala nafasi iliyoko katikati ya seli za ubongo iliongezeka kama asilimia 60, na amiloidi ikatoka mara mbili ya kasi. Kwa binadamu, mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwakesha watu 20 wazima wa afya usiku mmoja tu, wakawapiga picha za ubongo, amiloidi ikawa imeongezeka. Na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Boston wakaonyesha kwamba mtu akiwa kwenye usingizi mzito, maji ya ubongo yanaingia kwa mawimbi yanayokwenda sambamba na mawimbi ya umeme wa ubongo.

Nisikufiche, wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2024 timu ya Imperial College London ilipima panya kwa njia nyingine ikapata kinyume, kwamba rangi iliondoka polepole zaidi panya wakiwa wamelala. Ubishi ni wa namna gani hasa maji yanatembea na lini. Lakini upande wa watu na kumbukumbu, ushahidi hautegemei panya peke yao: watumishi wa serikali wa London karibu 8,000 walifuatiliwa miaka 25, na waliokuwa wakilala masaa sita au pungufu wakiwa na miaka 50, 60 na 70 walikuwa na hatari ya dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, Alzheimer ni aina yake mojawapo) kubwa kwa asilimia 30 kuliko waliolala masaa saba. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo, na inawezekana kwa baadhi yao ugonjwa uliokuwa unaanza ndo ulioharibu usingizi. Mimi nasema hivi, kulala masaa saba hakumdhuru mtu yeyote, kwa hiyo sioni sababu ya kusubiri wamalize kubishana.

Hatua ya 1: panga saa ya kuamka, sio saa ya kulala

Watu wengi wanaanza upande usio wenyewe, wanajilazimisha kulala saa tatu wakati usingizi hauna habari. We chagua saa ya kuamka uishike siku zote saba, Jumapili ikiwemo, halafu hesabu kurudi nyuma. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya swala au foleni ya daladala, basi saa nne usiku uwe umeshalala, hizo ni saa saba. Mtu mzima anahitaji saa saba mpaka tisa, aliyepita miaka 65 saba mpaka nane zinamtosha. Ule usingizi mzito unakuja zaidi kwenye theluthi ya kwanza ya usiku, kwa hiyo masaa mawili matatu ya mwanzo ndo ya kulindwa kuliko yote: simu iwe sailensi na iwe mbali na kitanda, na kama jirani yako ni baa basi tafuta vizibo vya masikio, vya sponji ni bei rahisi.

Kahawa na chai ya rangi nzito mwisho saa nane mchana. Najua Pwani hapa nagusa pabaya, kahawa chungu ya kijiweni baada ya Isha ni sehemu ya maisha, ila kafeini baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko kwenye damu, na ukiinywa hata masaa sita kabla ya kulala inaweza kukukata zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kaa kijiweni, ongea na watu, kwa kweli maongezi ni mazuri kwa ubongo, kunywa tangawizi. Mirungi au miraa ndo usiiguse jioni kabisa, inakesha mtu na inapandisha presha kwa pamoja.

Kwa mzee anayeamka mara nne kukojoa: apunguze vinywaji masaa mawili kabla ya kulala, na kama anatumia kidonge cha presha kile cha kukojoza, muulizeni daktari kama anaweza kukinywa asubuhi badala ya jioni. Kitu kidogo hiki kinarudisha usiku wa watu wengi. Wakikuta sukari au tezi dume basi hiyo nayo itibiwe.

Na mnaofanya shifti za usiku, manesi, walinzi, madereva wa malori, ndugu zetu wa viwandani na kwenye nyumba za wazee huko Ulaya na Marekani: ukitoka kazini lala moja kwa moja kabla hujaanza shughuli nyingine, chumba kiwe giza kabisa hata kwa kufunika dirisha kwa khanga nene mbili, na watu wa nyumbani wajue kwamba saa nne asubuhi kwako ndo usiku wa manane.

Hatua ya 2: sikiliza mtu anavyokoroma

Kukoroma tunakuchukulia kama dalili ya uchovu au ya kula vizuri, na hapo ndo watu wanapoteza ubongo wao taratibu. Kuna kukoroma kwa kawaida na kuna kukatika pumzi. Fanya hivi: baada ya saa moja tangu mtu alale, weka simu karibu na mto urekodi sauti nusu saa au zaidi. Ukisikiliza, tafuta mahali anapokoroma kwa nguvu, halafu kimya kabisa, sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi, halafu anashtuka kama anayekabwa, anavuta hewa kwa kishindo, anaendelea. Kila kimya kama hicho oksijeni inashuka, ubongo unashtuliwa kutoka usingizi mzito, na presha inaruka. Mtu anaweza kushtuliwa hivyo mara nyingi sana kwa usiku na asubuhi asikumbuke hata moja, anachojua ni kwamba kaamka na kichwa kinauma na mchana anasinzia kwenye kiti.

Ukisikia hivyo, hiyo rekodi ipeleke kwa daktari, daktari wa masikio pua na koo au wa kifua ni mahali pazuri pa kuanzia. Kipimo cha usiku na mashine ya CPAP, ile ya kusukuma hewa puani, zinapatikana zaidi hospitali kubwa na bei yake si ya mchezo, lakini wakati unatafuta kuna ya kufanya bure: kulala ubavu badala ya chali, kupunguza uzito, kuacha pombe jioni. Huo mlalo wa ubavu una kingine tena, mwaka 2015 ulionekana kwa panya kuwa ndo mzuri zaidi kwa maji ya ubongo kutembea. Kwa watu bado, kwa hiyo usijitese usiku kucha kwa ajili hiyo, ila kama unakoroma una sababu ya kutosha.

Hatua ya 3: presha, na hapa nitakaa kidogo

Kama ungefanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu ningekuomba kiwe hiki. Nimesema mshipa unavyodunda ndo unasukuma maji. Presha ikikaa juu ukuta wa mshipa unakuwa mgumu, unadunda vibaya, na mwaka 2018 ilionyeshwa kwa panya kwamba presha ikipanda yale maji yanapungua mwendo na mengine yanarudi nyuma. Juu ya hapo presha inaleta vile viharusi vidogo vidogo ambavyo mtu hata havisikii lakini vinakula kumbukumbu. Na kwa binadamu tuna jaribio la kweli la dawa, la Marekani, watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 kwenda juu: walioshushwa namba ya juu ya presha mpaka chini ya 120, ukilinganisha na walioachwa chini ya 140, walipata hali ya kusahau inayotangulia dimensia kwa asilimia 19 pungufu. Majibu yalitoka 2019. Hakuna chupa ya majani yenye ushahidi wa namna hiyo.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wenye presha hawajui kama wanayo. Kwa hiyo pima, na pima vizuri, maana nimeona mtu anapimwa akiwa kasimama, katoka kupanda ngazi, anajibu simu, kipimo kimefungwa juu ya sweta, halafu namba inaandikwa kwenye kadi. Nyumbani fanya hivi. Kakojoe kwanza. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili chini, usikunje nne, tulia dakika tano bila kuongea na mtu. Mkono uwe wazi bila nguo, ulale juu ya meza usawa wa moyo, ile mpira ifungwe juu ya kiwiko na iwe saizi yako, ikikubana inakupandishia namba. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili kwenye daftari. Asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku saba. Za siku ya kwanza ziache, chukua wastani wa zilizobaki. Nyumbani wastani ukiwa 135 kwa 85 au zaidi, nenda na daftari lako kliniki. Ukiona 180 kwa 120 halafu kuna maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kushindwa kutoka, hapo hakuna daftari, hospitali saa hiyohiyo.

Ukishaandikiwa dawa usiache kwa sababu namba imekuwa nzuri, namba ni nzuri kwa sababu ya dawa. Na lengo la kushuka mpaka wapi ni la kuongea na daktari, hasa kwa mzee anayepata kizunguzungu akisimama, maana akianguka akagonga kichwa tumeharibu kuliko tulichotengeneza. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na kachumbari, na mchuzi wa mchemraba, na dagaa wa chumvi.

Hatua ya 4: angalia vidonge vya usingizi

Hili linanisumbua sana. Kuna wazee wengi wanakunywa Piriton kila usiku ili walale, wanazinunua duka la dawa kama pipi. Ni dawa ya mzio, usingizi ni madhara yake, na inavyofanya kazi inazuia asetilikolini, kemikali ileile ambayo ubongo unaitumia kukumbuka. Utafiti wa Seattle wa mwaka 2015 kwa watu wa miaka 65 kwenda juu uliona waliotumia dawa za kundi hili kwa wingi na kwa miaka walipata dimensia zaidi. Mafua ya siku mbili sawa, kila usiku hapana. Hata vidonge halisi vya usingizi si usingizi kamili: Januari 2025 timu ya Nedergaard ilionyesha kwamba zolpidemu iliwalaza panya lakini ikayapunguza mawimbi ya norepinefrini, kemikali ya ubongo ambayo kupanda na kushuka kwake usingizini kunasaidia kusukuma yale maji. Ila angalizo, kama mtu anatumia diazepamu (Valium) au jamii yake kwa muda mrefu asikate ghafla, anaweza kupata degedege, ipunguzwe polepole na daktari.

Hatua ya 5: mengine, kwa haraka

Tembea. Dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho, zinashusha presha na sukari na zinaleta usingizi mzito, huhitaji gym. Pombe inakulaza haraka halafu inakuvunjia usingizi usiku wa manane, punguza, ukiweza acha. Bodaboda, vaa helmeti, abiria na wewe vaa: panya waliogongwa kichwa mfumo wao wa glimfatiki ulidorora kwa wiki kadhaa, na kuumia kichwa ni moja ya vyanzo 14 vya hatari vilivyotajwa na tume ya jarida la Lancet mwaka 2024, tume iliyokadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwenye orodha hiyo kuna presha, kisukari, sigara, kolesteroli mbaya, upweke, hewa chafu, na masikio yasiyosikia na macho yasiyoona bila kutibiwa. Mzee asiyesikia mpelekeni akasafishwe masikio na kupimwa, msimpigie kelele tu.

Hatua ya 6: kama mzee ameshaanza kusahau

Usiseme ni uzee tu. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013 uliona kama watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 kwenda juu wana dimensia, maana yake wengi mno hawana. Na tafadhali, usiruhusu mtu ataje uchawi. Kilifi na Kisii wazee wameuawa kwa kusingiziwa, Kanda ya Ziwa vilevile, na mzee aliyepotea njia usiku akajikuta kwenye boma la watu ni mgonjwa anayetakiwa kurudishwa nyumbani.

Cha kutazama: anauliza swali lilelile baada ya dakika tano, anapotea njia aliyoipita miaka yote, anatuma hela kwa simu mara mbili kwa mtu mmoja bila kujua, anaacha jiko linawaka, tabia imebadilika. Kama amechanganyikiwa ghafla, ndani ya masaa au siku chache, hiyo mara nyingi sio dimensia, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, malaria, sukari kushuka, kiharusi, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka wiki zilizopita. Siku hiyohiyo hospitali.

Kama imekuja polepole, omba wamwangalie vitu vinavyotibika kabla hawajasema ni Alzheimer: vitamini B12 (hasa anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka), tezi ya shingo ya thairoidi, sukari, VVU, kaswende, sonona, na dawa zote anazokunywa. Na kama pamoja na kusahau anatembea kwa kuburuta miguu kama imenata chini, na mkojo unamponyoka, wataje hizo tatu kwa pamoja, kwa sababu kuna hali ya maji ya ubongo kujaa inayoleta hivyo, inaonekana kwenye picha ya CT au MRI, na baadhi ya wagonjwa wanapata nafuu kubwa wakiwekewa mrija wa kuyapunguza.

Siku ya kwenda beba daftari la presha, ile rekodi ya kukoroma, na mfuko wenye dawa zake zote, hata za majani, hata za kupewa na jirani. Aende na mtu anayekaa naye, sio mtoto aliyekuja juzi kutoka mjini. Na huyo anayekaa naye, ambaye kawaida ni binti au mkamwana mmoja anayeamka usiku kucha, mpangieni zamu ndugu wote, walau usiku mbili tatu kwa wiki mtu mwingine alale na mzee yeye alale chumba kingine mpaka asubuhi, maana na yeye ana ubongo.